Kanisa Kama Ukoo: Kukisoma Kitabu cha Askofu Kibira Tukiwa Nalasi

Msimu wa korosho uliopita msharika mmoja alitukuta njiani, akatusalimu vizuri, kisha akatuuliza swali ambalo hatujaweza kulisahau. Alisema, "Mchungaji, ahadi yangu natuma kwa simu. Mahubiri nasikiliza kwa simu, tena ya wahubiri wakubwa wa Dar es Salaam. Nyumbani tunasali asubuhi na jioni. Sasa Jumapili nikija kanisani, nakuja kufanya nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Ni mtu anayemcha Mungu, na ahadi yake haijawahi kuchelewa. Tulimjibu kama tulivyofundishwa: kwamba Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linafundisha kuwa kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili inahubiriwa kwa usahihi na sakramenti zinatolewa kama ilivyoagizwa. Tukamkumbusha pia onyo la Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, kuhusu wanaoacha kukusanyika. Akasikiliza, akashukuru, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja.

Tulipofika nyumbani tuliona kwamba jibu letu lilikuwa sahihi, lakini lilijibu swali jingine. Yeye hakuuliza kanisa ni nini. Aliuliza analihitaji la nini, na lenyewe linamhitaji yeye la nini. Ndipo tukakirudia kitabu tulichokutana nacho kwa mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha theolojia, wakati huo tukikisoma kwa ajili ya mtihani tu. Ni kitabu cha Askofu Josiah Kibira kilichotoka mwaka 1974 kwa Kiingereza, Church, Clan, and the World, yaani Kanisa, Ukoo na Ulimwengu. Katika insha hii tunataka kukipima kitabu hicho tukiwa hapa Nalasi, mbali na Bukoba kilikozaliwa, tuone kama kina jibu kwa yule ndugu.

Kwanza tumtaje mwandishi, maana vijana wengi wa kipaimara wanalijua jina lake bila kujua habari zake. Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Wahaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, na aliguswa na Uamsho uliotoka Rwanda na kupita Uganda hadi Bukoba. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya makanisa saba ya Kilutheri kuungana na kuwa KKKT, alimrithi Askofu Bengt Sundkler, Msweden, akawa askofu wa kwanza Mwafrika katika Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano hilo, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1988.

Mtu huyu aliyeujua ulimwengu kiasi hicho hakuona haya kuanza kufikiri kuhusu kanisa akiwa ndani ya ukoo wake. Na neno lenye uzito katika jina la kitabu chake ni lile la katikati. Angeweza kuandika juu ya kanisa na ulimwengu tu, kama wengi walivyofanya. Yeye akauweka ukoo kati, kwa sababu alijua kwamba Mhaya hakuingia kanisani akiwa mtu mmoja aliyesimama peke yake. Aliingia akiwa na baba wakubwa, mashangazi, shamba la migomba lenye makaburi ya wazee wake, na orodha ndefu ya watu aliokuwa na wajibu kwao na wao kwake. Kanisa likimwambia aache hayo yote bila kumpa watu wengine wa kumbeba, limemfanya yatima.

Kibira hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Kule Kilimanjaro, mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902, alifundisha kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika ni kazi ya Mungu Muumba, na kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo badala ya kuvivunja. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu kuujenga usharika kutoka katika Injili. Tunaliheshimu wazo hilo. Wakati wageni wengi waliona mila zetu kuwa giza tupu, yeye aliona ndani yake watu wanaojua kutunzana.

Lakini tulipomsoma Gutmann tukiwa Nalasi, tulijikuta hatuna pa kusimama. Nchi hii ya Tunduru, upande wa kusini kuelekea Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, ina wenyewe: Wayao na ndugu zao, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Walutheri wengi hapa ni watu wa kuja. Ni walimu waliopangiwa shule, wauguzi, maofisa kilimo, wafanyabiashara wa msimu wa korosho, watu wa Njombe, Iringa, Mbeya, Moshi na Bukoba. Hata ndugu zetu wanaotoka Songea, makao makuu ya mkoa huu huu, hapa huulizwa kwao ni wapi. Ukoo wa msharika wa Nalasi uko mbali sana, na kwenda kuuona ni nauli ya kukopa. Ukitaka kujenga usharika hapa juu ya ukoo, utakosa mahali pa kuweka jiwe la kwanza.

Hapo ndipo Kibira anapotusaidia kuliko Gutmann. Yeye aliujua ukoo kama mtoto wa ndani anavyoyajua mambo ya nyumbani kwao, utamu wake na ubanaji wake. Katika Uamsho aliona watu wa koo mbalimbali, wenye nasaba kubwa na wasio na nasaba, wakiitana ndugu na kuungamiana dhambi. Udugu uliokuwa wa damu ukawa udugu wa neema. Kwa hiyo, tukimwelewa vizuri, ukoo kwake ni kama shule. Mtu akishajifunza huko maana ya kuwa na wajibu kwa mwenzake, Kristo anaichukua elimu hiyo na kuipeleka mbali zaidi, kwa watu asiowachagua na wasiomhusu. Ndiyo maana baada ya ukoo ameandika ulimwengu.

Hapa tunaungana na Injili ya Marko, sura ya 3, pale Bwana alipoambiwa mama yake na ndugu zake wako nje, naye akawatazama walioketi kumzunguka na kuwaita hao ndugu zake. Hakuufuta udugu. Aliongeza viti.

Hata hivyo, kitabu kizuri husomwa kwa macho mawili. Sisi tuna wasiwasi na picha hii ya kanisa kama ukoo, na wasiwasi wetu haukutoka vitabuni.

Miaka ya mwanzo ya uchungaji wetu tulihudumu katika usharika mmoja ambao hatutautaja. Kijana mmoja alifika pale kutafuta kibarua cha kupalilia. Kwa muda wa kama miezi minne alikuja ibadani, akaketi benchi la nyuma, akaimba bila kutazama kitabu. Hakujiandikisha, wala hatukumwuliza. Siku moja tukaletewa habari kwamba amefariki usiku baada ya kuugua siku mbili.

Baraza la wazee likakutana. Swali la kwanza lilikuwa lile tunalolijua wote: je, alikuwa msharika hai? Daftari likafunguliwa, jina halikuwamo. Hakuwa na bahasha ya ahadi, hakuwa na barua ya uhamisho, na hakuna aliyejua alibatizwa wapi. Mzee mmoja akasema tukimzika huyu, kesho watakuja wengine wasiosali popote. Neno lake halikuwa la kijinga. Utaratibu wa kanisa una sababu zake, na daftari si dhambi. Nasi, tuliokuwa mchungaji, badala ya kusema neno, tuliomba muda tupige simu kwao marehemu. Tulipiga mara nyingi. Simu haikupokelewa.

Tukiwa bado tumeketi, majirani wa nyumba aliyopanga, Waislamu, walikuwa wameshachukua majembe. Saa nane mchana mzee mmoja wao alikuja mlangoni kwetu, kofia mkononi, akasema kwa upole, "Mchungaji, shikamoo ya kazi. Kaburi liko tayari. Huyu si alikuwa anasali kwenu? Njooni basi mumsomee ya kwenu."

Tulikwenda, tukamzika. Ibada ilikuwa kamili, kuanzia wimbo hadi baraka. Lakini kila tulipoinua macho tuliona udongo uliochimbwa na mikono ya watu wengine, na mpaka leo tukisoma ibada ya maziko huwa tunaukumbuka udongo ule.

Kosa letu siku ile lilikuwa nini? Hatukukosa mafundisho. Injili ilihubiriwa pale kila Jumapili, na Chakula cha Bwana kilitolewa kwa utaratibu. Kosa letu ni kwamba tulikuwa tumekuwa ukoo kweli kweli. Ukoo huwazika walio wake, na ili ujue walio wake, lazima ujue pia wasio wake. Tulikuwa tunapendana sana sisi kwa sisi. Mwenzetu akiugua tulijaza nyumba yake. Lakini upendo wetu ulikuwa na ukuta, na yule kijana alikaa miezi minne upande wa nje wa ukuta akiwa ndani ya jengo.

Ukoo una udhaifu mwingine: huficha aibu yake. Mtu mkubwa wa ukoo akikosa, husemwa kwa kunong'ona, na mdogo akikosa husemwa barazani. Kanisa nalo likijiona ukoo, binti aliyepata mimba atasimamishwa mbele ya watu hadi arudi kundini, na mzee aliyekula fedha za ujenzi atazungumziwa ofisini milango ikiwa imefungwa. Hili sote tunalijua. Picha ya ukoo peke yake haina dawa ya ugonjwa huu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unatoka humo humo.

Je, basi tuitupe picha ya Kibira? Hapana. Tunadhani tuisukume hatua moja mbele, na kwa bahati nzuri nchi yake mwenyewe inatupa njia. Wahaya walikuwa na desturi iitwayo omukago, urafiki wa damu. Watu wawili wa koo tofauti, wakitaka kuwa ndugu, walichukua tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda la kahawa mna punje mbili zilizolala pamoja. Kila mmoja alipaka punje damu yake, na kila mmoja akaimeza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo mgeni alikuwa na haki nyumbani kwa mwenzake kama aliyezaliwa humo, na kumsaliti lilikuwa jambo la kutisha.

Hatusemi kwamba omukago ni sakramenti. Lakini desturi hiyo ilijua jambo ambalo ukoo peke yake haulijui, kwamba mgeni anaweza kufanywa ndugu, na kwamba hafanywi ndugu kwa maneno matamu. Lazima mtu atoe kitu cha uhai wake. Mkristo akisikia hayo anafikiri mara moja kuhusu Meza ya Bwana. Pale hatukutoa damu yetu sisi. Mmoja alitoa yake kwa ajili yetu wote. Tunapokula mkate mmoja, tunafungwa naye, na kwa kufungwa naye tunafungwa sisi kwa sisi, mwalimu wa Njombe na mama wa Kiyao aliyebatizwa akiwa mtu mzima, mwenye duka na kibarua wa kupalilia. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza kwa sababu wenye nacho walikuwa wakila na kulewa huku maskini wakikaa na njaa. Aliwaambia kwamba kinacholiwa namna hiyo si chakula cha Bwana tena. Liturjia yao huenda haikuwa na kasoro. Walichokosa ni kumtambua ndugu aliyeketi kando.

Lugha yetu pia inatushuhudia. Neno kanisa lilitujia kupitia Kiarabu, na asili yake ya kale katika lugha za Kisemiti ni kukusanya. Siku hizi wengi wakilisikia wanaona jengo: bati, mnara, kengele. Lakini sisi Walutheri wa Tanzania tuna neno jingine tunalolitumia kila siku bila kulisikiliza, nalo ni usharika. Ndani yake mna kushiriki na ushirika, watu kuwa na fungu katika kitu kimoja. Msharika, kwa maana hiyo, ni mtu mwenye fungu langu mkononi mwake, nami nina fungu lake mkononi mwangu. Ikiwa hivyo ndivyo, mtu hawezi kuwa msharika peke yake, kama vile punje moja ya kahawa isivyoweza kuitwa pacha.

Sasa turudi kwa ndugu wa simu. Tulipofika hapa tuligundua kwamba swali lake lilikuwa kioo, na tuliojiona humo tulikuwa sisi wachungaji na wazee. Alisema kanisani kuna mambo mawili, kusikiliza na kutoa, na yote mawili yanawezekana kwa simu. Nani alimfundisha kwamba ni mawili tu? Sisi. Tazama ibada zetu nyingi. Mahubiri, sadaka ya kwanza, kwaya, sadaka ya pili, matangazo ya michango, sadaka ya ujenzi, kisha mnada wa kuku na mihogo nje ya mlango. Tunakwenda nyumbani saa saba mchana bila kujua jina la aliyekaa nyuma. Ikiwa kanisa ni kusikiliza na kulipa, basi yule ndugu ana haki kabisa, na simu inafanya kazi hiyo kwa unafuu zaidi.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wasiofika. Wapo wauguzi walioko zamu, wapo waliozuiwa na barabara wakati wa masika, wapo wazee ambao miguu imekataa. Hao simu ikiwafikishia Neno, tumshukuru Mungu. Wala sadaka si jambo baya. Bila sadaka hata mwinjilisti hali. Tunachosema ni kwamba tumeyakuza yale yanayopimika kwa daftari, na yasiyopimika tumeyaacha yafe taratibu.

Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1539 kuhusu mabaraza na kanisa, aliorodhesha alama saba za kulitambua kanisa: Neno, ubatizo, Chakula cha Bwana, funguo za kufunga na kufungua dhambi, huduma ya wachungaji, sala, na msalaba, yaani mateso. Alama ya saba haitumwi kwa simu. Huwezi kuubeba msalaba wa mtu usiyemjua. Ili mateso ya mwenzako yawe yako, lazima siku moja uwe umeketi karibu naye, umesikia sauti yake ikikwama katikati ya wimbo, ukamwuliza mkitoka, "Vipi, ndugu, nyumbani salama?"

Kwa hiyo, kama tungekutana na yule ndugu leo, tungemjibu hivi. Ndugu yetu, ni kweli, mahubiri utayapata mazuri kuliko ya kwetu. Lakini yule mhubiri wa Dar es Salaam hajui kwamba mtoto wako anaumwa. Akikosekana mtu mwaminifu kama wewe Jumapili, yupo mjane anayetazama kiti kitupu na kudhani watu wameanza kumchoka. Yupo kibarua benchi la nyuma ambaye hajui hata mtu mmoja, na wewe unaijua lugha ya kwao. Huji kanisani kuchukua tu. Unakuja kwa sababu Kristo ameweka fungu la mwenzako mikononi mwako, na kwa sababu siku moja wewe pia utahitaji mtu wa kukubeba, nasi hatutaki siku hiyo tuanze kwa kufungua daftari.

Kisha tungemwomba msamaha kwa kuwa hatujalijenga kanisa ambalo angeyaona hayo bila kuambiwa.

Kwa mabaraza ya wazee na kwa jumuiya zetu za nyumbani tunapendekeza jambo moja dogo. Katika daftari la washarika uongezwe ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya orodha ya ahadi, uandikwe Wageni. Kila Jumapili mzee wa zamu aandike jina la kila uso mpya, anakokaa, na mtu mmoja wa jumuiya ya jirani atakayekwenda kumwona kabla ya Jumapili inayofuata. Asiulizwe cheti. Aulizwe hali. Cheti kitafuata, na utaratibu wa kanisa utabaki mahali pake.

Askofu Kibira alituachia maneno matatu: kanisa, ukoo, ulimwengu. Sisi wa Nalasi, tulio mbali na koo zetu, pengine tumewekwa hapa ili tulithibitishe lile lililo gumu zaidi kati yake, kwamba watu wasio na nasaba moja wanaweza kuwa na wajibu mmoja. Majirani zetu walituonyesha njia kwa majembe yao. Ingekuwa aibu, tuliokula mkate mmoja, tukishindwa kuwafuata.

Bwana wa kanisa atusamehe benchi la nyuma, na atupe macho ya kumwona anayeketi pale. Amina.